Kanda ya Mgongo wa Somoe

Kamera nimeiweka chini mwezi uliopita, na hakuna aliyenifanyia sherehe. Nani angeifanya? Jirani yangu aliniona naifunga kwenye shuka akaniuliza kama nahama. Nikamwambia sihami, napumzika. Akasema haya, akaendelea kuchambua mchicha wake.

Vijana wa kikundi cha wapiga video hapa Kibiti ndio walioniomba niandike. "Bi Tatu, tuandikie mlivyokuwa mkifanya enzi za kanda." Nimeishia darasa la nne, tena la Maparoni, kisiwani huko delta, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Na majina nitayataja. Walioniharibia hawakuficha nyuso za watu, kwa nini mie niwafichie majina yao?

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye ndugu Unguja alikuwa na kitu cha kuleta. Mmoja redio ya kaseti, mwingine friji asiyokuwa na umeme wa kuiwashia. Shaweji Mnongane alileta televisheni, deki ya kuchezea kanda na jenereta, akafungua banda la video pale barabarani. Daraja la mto lilikuwa halijajengwa. Mabasi ya kusini yakichelewa pantoni, abiria wanalala Kibiti bila kupenda, na mtu aliyekwama huangalia chochote utakachomwekea. Mie nilikuwa nauza vitumbua mlangoni pa banda hilo. Sikuwahi kuingia. Mwanamke wa heshima zake haingii banda la video, hilo lilijulikana kuanzia Kibiti mpaka visiwani huko.

Baadaye Shaweji akaleta kamera, ile kubwa ya kubeba begani, akaanza kushuti harusi. Upande wa wanaume alikwenda vizuri. Upande wa wanawake aliingia siku moja tu, bibi harusi anasingwa, anasuguliwa mwili kwa liwa, akatoka amefuatwa na ufagio. Harusi yetu ina uani wake, na uani haingii mwanamume, hata awe amebeba nini begani. Akaja kukaa karibu na karai langu la mafuta, ananiangalia.

"Tatu, wewe unabeba debe la maji?"

"Nabeba. Kwani wewe unakunywa yanayojileta?"

"Basi hii ni nyepesi kuliko debe."

Huo ndio usaili wangu wa kazi. Vyeti sikuulizwa.

Siku ya kwanza niliingia chumba cha singo, mvuke wa maji ya moto, moshi wa udi, wanawake wamejaa kama dagaa kapuni. Nikafungua kioo cha kamera nikaona ukungu mtupu. Nikajua nimeshaua mali ya watu. Somo wa bibi harusi, kungwi wake, mama mmoja mnene asiyecheka, akanitazama akasema, "Mwanangu, na yenyewe inatoka jasho. Ikalishe kwanza, ipoe kama mgeni." Tangu siku hiyo nilikuwa nafika mapema kuliko ngoma, naiweka kamera chumbani ikiwa imefungwa, izoee joto, ndipo nifungue kioo. Na ndani ya mkoba wake nilikuwa naweka mchele mkavu ndani ya soksi, unyonye unyevu. Nyinyi mna vifaa vya kisasa, lakini unyevu wa delta haujui kisasa. Wekeni soksi.

Kulikuwa na sharti moja, nalo ndilo lililonipa jina. Kanda ya ndani haitoki na mpiga picha. Ngoma ikiisha, naitoa kanda mbele yao, naifunga kwenye kanga, namkabidhi somo mkono kwa mkono. Hainakiliwi, haiendi kwa Shaweji kusafishwa, haioni jicho la mwanamume. Wataiangalia wenyewe milango imefungwa, mkoani huko kwa shangazi mwenye deki. Kwa sharti hilo niliitwa mpaka vijiji ambavyo Shaweji hakuvijua majina. Nikifika nasikia, "Tatu kaja, fungueni." Hilo neno fungueni nimelisikia sana ujanani mwangu. Nililipenda kuliko ujira.

Sasa nije kwenye ile filamu ya wanafunzi.

Wa pili ninayemtaja ni Mwalimu Mkude. Alikuwa anafundisha sekondari moja ya huku, sitaitaja, majengo hayana kosa. Mtu wa bara, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi hata siku za mafuriko. Yalitangazwa mashindano ya filamu fupi za wanafunzi, na wasichana wake wakachagua jambo lao wenyewe: kwa nini msimu wa mpunga unapofika, madawati ya wasichana wa delta yanabaki wazi. Sababu kila mtu wa huku anaijua. Mpunga ukianza kutia maziwa, familia inahama kijijini, inakwenda kuishi kwenye madungu shambani, vibanda vya juu ya nguzo, kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku. Mtoto wa kike anakwenda na mama yake. Shule inamngoja, ndege hawangoji.

Aliyelileta wazo hilo alikuwa Rehema, wa Maparoni, mtoto wa Somoe Ngwele. Na Somoe ndiye mtu niliyekuwa naye duniani. Tumeota meno pamoja, tumepigwa pamoja, tumechezwa unyago siku moja. Yeye akaolewa na Hemedi, mie ndoa yangu haikukaa na mtoto sikupata. Rehema alikuwa ananiita mama mdogo, na mie jina hilo nilikuwa nalivaa kama nguo ya sikukuu.

Mwalimu Mkude akamkodi Shaweji, Shaweji akanitoa mie, maana wanaoshutiwa ni wanawake.

Wasichana walikuwa hawajawahi kushika kamera, na betri tulizokuwa nazo hazikutosha kujifunzia. Nikawaambia kila mmoja aje na kiberiti kitupu. Vuta kile kidroo cha ndani, kitupe, bakiza ganda. Weka ganda jichoni: hiyo picha ya mbali, unaona darasa zima. Lisogeze mbele kidogo: picha ya kati. Nyoosha mkono wote: picha ya karibu, unaona sikio la mwenzako tu. Siku nzima walitembea na viberiti machoni.

"Mama mdogo, mwalimu wa hesabu anaingia mzima kasoro tumbo."

"Rudi nyuma mpaka tumbo liingie. Tumbo nalo lina haki yake."

Tukapanga picha zetu kwa chaki sakafuni, miraba kwa miraba, kwa mpangilio zitakavyoonekana, kwa sababu hatukuwa na mashine ya kukata na kuunga. Ulichoshuti mwanzo ndicho kinachoonekana mwanzo. Dawati tupu. Mlango wa nyumba uliofungwa kwa kamba. Mtumbwi. Mpunga. Dungu kwa mbali. Mama anaamia, kwa nyuma. Kiatu cha shule kinaning'inia kwenye nguzo ya dungu. Hiki kiatu alikiwaza Rehema, na mpaka leo sijaona picha nzuri kuliko hiyo kwa mtu yeyote, mjini wala shamba.

Mwalimu Mkude akasimama juu ya chaki zetu, mikono nyuma.

"Uso uko wapi?"

Nikamwambia, "Mwalimu, yule mama atakuwa shambani, amejifunga kanga kifuani, kichwa wazi. Uso hatautoa."

"Bi Tatu, majaji wanataka uso. Filamu isiyo na uso ni ramani. Na kama atalia kidogo, vizuri zaidi."

"Somoe halii kwa kuagizwa."

Wasichana wakacheka. Yeye akatabasamu, akasema tutaona huko huko.

Tukapanda mtumbwi wa mashine Nyamisati, kati ya marundo ya boriti, tukaingia mifereji ya mikoko mpaka Maparoni, tukakuta kijiji kimefungwa kama tulivyokichora kwa chaki. Asubuhi yake tukaenda mashambani. Mwalimu nikamwambia abaki mferejini kwenye mtumbwi, akakubali.

Somoe alikuwa juu ya dungu lake, kombeo mkononi, anawatukana ndege ukoo mpaka ukoo. Nilipomweleza akashuka.

"Ni kama kanda ya ndani?"

"Siyo. Hii itakwenda Dar, wanaume wataiona. Ndiyo maana nachukua mgongo tu. Na uimbe wimbo ule wa watoto, siyo zile zenu."

Maana wanawake shambani wana nyimbo zao. Mume hayuko, imamu hayuko, ndege wenyewe hawana aibu, basi mtu anaimba lililomkaa moyoni, na yaliyowakaa wanawake wa Maparoni kuhusu waume zao hayaimbiki mjini.

Akaniangalia. "Mgongo tu, Tatu."

"Mgongo tu."

Nikamshuti kwa nyuma. Alisimama amenipa mgongo, mpunga mbele yake mpaka kwenye mikoko, anazungusha kombeo, kanga imebana, mabega yanakwenda. Nilimwambia maneno tukacheka, hayo nitayasema mbele. Tulimaliza vizuri. Jasho na umande vilishaanza kuniletea ukungu kwenye kioo, nikaiweka kamera juu ya dungu ikauke juani, juu ya mkeka, nikawachukua wasichana na viberiti vyao kwenda ukingoni kuchagua picha ya mwisho. Wanawake wakabaki chini, kazi ikaendelea. Na kwa kuwa kamera imelala, nyimbo zao zikarudi.

Tuliporudi nilimkuta Mwalimu Mkude ameketi kivulini chini ya dungu, mkoba wake wa madaftari mapajani.

"Mwalimu, si ulikuwa mferejini?"

"Mbu, Bi Tatu."

Nikapanda, nikaishika kamera. Betri ilikuwa ya moto. Jua, nikasema. Nikafungua, kanda yangu imo, imesimama pale pale nilipoiacha. Ningejuaje kwamba alikuja na kanda yake kwenye mkoba wa madaftari, akaichomeka mahali pa yangu, akalala kifudifudi juu ya dungu la watu kama mwindaji, akavuta nyuso kwa mbali? Somoe mzima. Uso, kifua, kichwa wazi, anaimba ule wimbo kuhusu Hemedi na jembe lake.

Filamu waliiunga usiku bandani, deki mbili, moja ya kuazima, na waya, Mkude na Shaweji. Mie sikuitwa, ila kanda yangu walinirudishia. Mkude aliingiza uso bila sauti, akapeleka kwenye mashindano, na nasikia ilisifiwa kwa huo uso. Ya kupanda vyeo kwake hayanihusu. Ila kanda yenyewe, ile ya nyimbo, ilibaki kwa Shaweji. Na Shaweji, abiria wake wakichoka filamu za Kihindi, akawa anawawekea wanawake wa Maparoni, kidogo kidogo, wapate kucheka. Mie pale mlangoni nilishaacha kuuza vitumbua, sikusikia kinachochekwa.

Akapita mchuuzi wa boriti. Akaona. Akarudi delta na mzigo wa chumvi na habari.

Hemedi hakuuliza kitu. Alimpa Somoe talaka mbele ya kaka zake, palepale barazani. Somoe alirudi kwa mama yake na sufuria na watoto wadogo. Rehema aliitwa kutoka shule asirudi tena, kwa hiyo filamu ya kuuliza kwa nini madawati ya wasichana yako wazi ikaongeza dawati moja.

Nilipopata habari nilimfuata Shaweji bandani, nikasimama mlangoni.

"Kanda ile uliipata wapi?"

"Ya mwalimu."

"Wajua ni wanawake wa nani wale?"

"Tatu, watu wamecheka, basi. Hawajaliwa."

Nikachukua kanda yangu, ile ya migongo, nikaenda Maparoni. Nilitembea kwenye tuta la mpunga kanda nimeishika juu kama mtu anayebeba taa. Wanawake wote walikuwa wanavuna. Waliniona tangu mbali. Na mmoja mmoja, bila kuambiana, wakanigeuzia migongo. Migongo ile ile. Nikapita katikati yao mpaka kwa Somoe.

Yeye peke yake alinitazama.

"Tatu. Tulikubaliana nini?"

"Mgongo. Na nimechukua mgongo, shoga, umo humu. Ule uso kachukua Mkude nikiwa ukingoni na watoto. Njoo uangalie mwenyewe, utanisikia naahidi."

"Nikaangalie wapi?"

Hapo nikaishusha kanda. Huku kwetu televisheni na deki zilikuwa sehemu moja tu.

"Sema. Nikaangalie wapi? Mle bandani? Niingie mle mle, nikae kwenye benchi walilokalia?"

Rehema alikuwa nyuma yake, mundu mkononi. Nikamwambia, "Rehema, mwambie mama yako. Ulikuwa na mie." Akasema, "Mie nilikuwa na kiberiti jichoni, Bi Tatu. Sikuona." Bi Tatu. Jina langu hasa, na hakunitukana. Lakini sikujua mpaka siku ile kwamba jina la mtu linaweza kuwa mlango unaofungwa.

Somoe akanigeuzia mgongo kama wenzake, akainama kuvuna.

Baada ya hapo neno fungueni sikulisikia tena. Uani wote wa delta ulinifunga, na Kibiti wakafuata. Kwa Shaweji niliondoka. Nilikusanya kidogo kidogo, nikanunua kamera kuukuu na deki na televisheni ndogo, nikashuti semina, mikutano ya hadhara, misiba, ufunguzi wa visima. Nimewashuti viongozi wakikata utepe mpaka naweza kuukata mwenyewe nimefumba macho. Kazi safi, hakuna anayekumbuka uliyoifanya. Deki nilipoipata nilituma salamu Maparoni kwa kila anayepita: nina mashine yangu, ndani kwangu, mlango una pazia, njooni muone. Salamu zilifika. Watu hawakuja. Harusi zikipita barabarani na matarumbeta nilikuwa nakaa ndani, nasafisha kioo kilicho safi.

Mkude alihamishwa bara, Shaweji banda lake liliuawa na dishi za kila nyumba. Hakuna aliyewauliza. Nawauliza mie hapa, kwa majina yao, Mkude na Shaweji, na Hemedi wa tatu, aliyeachana na mtu kwa wimbo ambao na yeye aliujua, maana hata mitumbwi iliujua.

Nilipoweka kamera chini, nilidhani nimemaliza. Halafu akaja mwanamke mlangoni, mtu mzima, kitambaa cheupe kichwani. Nikadhani mtu wa kukodi viti, wanakosea nyumba.

"Hodi. Ni mie Rehema wa Somoe."

Somoe amefariki. Wamezika, arobaini haijafika. Aliniambia akiwa bado amesimama, kisha akaeleza alichofuata. Picha ya mama yake hawana hata moja. Tangu siku ile Somoe hakukubali kupigwa picha, hata ya kitambulisho aliikimbia. Wajukuu wanauliza bibi alikuwaje. "Tumesikia unayo ile kanda. Ile aliyoonekana uso."

Nikamwambia, "Uso anao Mkude. Mie nina mgongo."

Nikaona anajuta nauli yake. Nikaitoa kanda kwenye soksi la mchele, nikaipuliza, nikaiweka kwenye deki.

Dawati tupu. Mlango wa kamba. Mpunga. Kisha yeye, amesimama ametupa mgongo, kombeo linazunguka. Rehema akashika mdomo. "Ni yeye. Mabega yake hayo." Na sauti yangu ikatoka, sauti ya msichana, sikuitambua.

"Sogea kushoto, shoga, mgongo wako umejaa kamera yote."

"Uache ujae! Mgongo huu ndio uliomtoa Hemedi kwao." Mabega yakaanza kutikisika. "Tatu, uso hauchukui?"

"Siuchukui. Nikuapie?"

"Usiape, wewe ukiapa mvua inanyesha. Rehema! Mwambie mama yako mdogo amalize, wali unapoa."

Kisha kiatu kwenye nguzo, na ukungu, na mwisho.

Nje pikipiki zilikuwa zinapita kama kawaida. Rehema akauliza, "Pale anacheka?"

"Anacheka."

"Rudisha."

Nikarudisha. Tukamwangalia akicheka kwa mgongo, tena, na tena, mpaka adhana.

Alipoondoka nilimpa kanda. Niliitoa mbele yake, nikaifunga kwenye kanga, nikamkabidhi mkono kwa mkono. Akaipokea kwa mikono miwili. Alifika mlangoni, akageuka.

"Na mashine ya kuangalizia, mama mdogo, nitaipata wapi?"

Nyinyi vijana mnajua, na mie najua: siku hizi kanda inahamishwa kwenye simu, kazi ya muda mfupi tu, pale pale stendi. Mngemwambia.

Mie nilimwambia mashine iko hapa. Akitaka kumwona mama yake, aje.